Kadi ya kumbukumbu inapoigomea kompyuta ya miaka ya 1980

Kompyuta ya Commodore 64 ilipoingia sokoni mwaka 1982, haikuwa na diski yoyote ndani yake. Mwenye nayo alihifadhi kazi zake kwenye kaseti au, akiwa na uwezo zaidi, kwenye diski laini za inchi 5.25 zilizosomwa na mashine ya pembeni iitwayo 1541. Miongo minne imepita na nyingi kati ya kompyuta hizo bado zinawaka. Kilichozeeka vibaya ni diski zenyewe: utando wake wa sumaku huota ukungu na kubanduka, na kilichoandikwa juu yake, uwe mchezo, barua au hesabu za duka, hutoweka kidogo kidogo.

Ndiyo maana wapenzi wa kompyuta hizi, nchini Ujerumani, Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko, wamehamia kwenye kadi ya kumbukumbu ya aina ya SD, ndugu wa ile ndogo iliyomo ndani ya simu. Kifaa kiitwacho SD2IEC huchomekwa nyuma ya Commodore na kujifanya kuwa ndicho mashine ya diski. Programu yake ya ndani iliandikwa na Ingo Korb kutokana na mradi uliotangulia, MMC2IEC, wa Lars Pontoppidan, nayo iko wazi kwa yeyote anayetaka kuikagua. Kadi moja ya gigabaiti 4 ina nafasi ya kubeba nakala za diski za zamani zaidi ya 20,000.

Malalamiko nayo huanzia hapo. Kadi inasomeka vizuri kwenye kompyuta ya kisasa, lakini ikifika kwenye Commodore haionekani. Au inaonekana, orodha ya mafaili inatokea, ila kila faili likiitwa mashine inakwama. Wengi hukimbilia kufuta kila kitu na kuanza upya, na hapo ndipo hasara ya kweli hutokea, kwa sababu mara nyingine nakala iliyofutwa ndiyo pekee iliyokuwa imesalia baada ya diski ya awali kuharibika. Kanuni ya kwanza, basi, hutangulia utatuzi wowote: kabla ya kugusa chochote, yaliyomo kwenye kadi yanakiliwe mahali pengine, hata kama yanaonekana mabovu.

Mashine inasema nini hasa

Commodore 64 ina maneno machache, na kila moja lina maana yake. Mtumiaji akiandika LOAD"$",8 anaiomba mashine orodha ya mafaili kutoka kwa kifaa namba 8. Likirudi jibu la "DEVICE NOT PRESENT", maana yake ni kwamba kompyuta imeita na hakuna aliyeitika. Jibu hilo halizungumzii faili wala mpangilio wa kadi. Linazungumzia waya uliolegea, kifaa kisichopata umeme, au namba isiyolingana, kwani vifaa vya diski hupewa namba kuanzia 8 na SD2IEC inaweza kuwa imewekewa 9 au 10. Na iwapo mashine ya 1541 imeunganishwa pamoja nayo, zote mbili zikiwa na namba 8, zitajibu kwa pamoja na kuvurugana, mfano wa watu wawili wanaoitika jina moja.

Jibu la "FILE NOT FOUND" ni jambo jingine kabisa. Hapo kifaa kimeitika, ila hakijapata kilichoombwa. Ugumu ni kwamba jibu hilo hilo hutolewa pia wakati kadi haimo au haisomeki kabisa, hivyo halitoshi kutoa hukumu. Anayetaka kujua zaidi hana budi kukiuliza kifaa chenyewe kwa programu fupi ya mistari minne:

10 OPEN 15,8,15
20 INPUT#15,A,B$,C,D
30 PRINT A;B$
40 CLOSE 15

Mistari hiyo lazima iwe na namba na iendeshwe kwa amri ya RUN, kwa maana INPUT# haikubaliki ikiandikwa moja kwa moja. Jibu la 62 linamaanisha kwamba faili halipo. 74, kwamba kifaa hakiko tayari, yaani kadi haimo au haieleweki. Na 26, kwamba kadi imefungwa isiandikwe. Hilo la mwisho huwashangaza watu bure. Kadi kubwa ya SD ina kitelezi kidogo pembeni, na kidole kikikigusa wakati wa kuichomeka hujifunga chenyewe.

Kuna mtego mmoja ambao anayetafuta kosa akiwa na kazi yake kwenye skrini anapaswa kuujua mapema. Kwenye Commodore, orodha ya mafaili hupakiwa kana kwamba ni programu ya BASIC, na hukalia mahali pale pale pa programu iliyokuwepo. Aliyeandika mistari mia mbili bila kuihifadhi, kisha akaandika LOAD"$",8 ili kuona nafasi iliyobaki, amekwisha kuipoteza.

Kadi kubwa mno kwa mashine ndogo

Chanzo kinachojitokeza mara nyingi kuliko vyote ni namna kadi ilivyofomatiwa. Kadi za SD zimegawanyika katika vizazi. Za kwanza zilifikia gigabaiti 2. Zikafuata SDHC, zinazoishia gigabaiti 32. Kisha SDXC, zinazozidi hapo hadi terabaiti 2. Kwa nje zote zina umbo moja, lakini daftari la ndani linaloeleza kila faili liko wapi hutofautiana. SDHC hutoka kiwandani na mpangilio wa FAT32, na SDXC hutoka na exFAT. SD2IEC inasoma FAT16 na FAT32. Ikikutana na exFAT ni sawa na msomaji aliyefunguliwa kitabu cha maandishi asiyoyajua: karatasi anaiona, neno haokoti.

Kwa hiyo anayenunua kadi ya gigabaiti 64 akidhani ukubwa ni faida amejinunulia tatizo. Diski nzima ya 1541 ilikuwa na takriban kilobaiti 170. Kadi ya gigabaiti 2, 4 au 8 inatosha na kubaki, na kwa kawaida haileti ubishi. Kasi iliyoandikwa juu ya kadi nayo haina maana hapa, kwani waya wa Commodore wenyewe, bila msaada wa programu za kuharakisha, hupitisha baiti mia chache tu kwa sekunde.

Mwenye kadi kubwa bado anaweza kuifomati kwa FAT32, ila njia ina makona. Dirisha la kawaida la kufomati kwenye Windows limekuwa kwa miaka mingi halitoi chaguo la FAT32 kwa kadi inayozidi gigabaiti 32. Programu rasmi ya kufomati inayotolewa na SD Association, ambayo kwa mambo mengine ni nzuri na inashauriwa, hufuata kanuni ya vizazi, hivyo kadi ya gigabaiti 64 itarudishwa kwenye exFAT hata mtumiaji arudie mara kumi. Kwenye kompyuta za Apple, programu ya kushughulikia diski hutoa chaguo linaloitwa MS-DOS (FAT), lakini hapo mtu anapaswa kutazama chaguo jingine lililo chini yake, la mpango wa mgawanyo, na kuchagua Master Boot Record. Mpango mpya uitwao GPT hufaa kompyuta za leo; kifaa kama SD2IEC hakiuelewi, na kadi itaonekana tupu ingawa FAT32 imo ndani yake.

Kadi iliyowahi kutumika kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi huleta kioja chake. Mfumo wa Raspberry Pi huigawa kadi vipande viwili: cha kwanza kidogo cha kuwashia mashine, cha pili kikubwa chenye mpangilio wa Linux. Windows huonyesha kile kidogo tu, na mwenye kadi ya gigabaiti 16 anajikuta na megabaiti chache zisizoeleweka zilikotoka. Kufomati kipande hicho pekee hakurudishi nafasi iliyobaki. Lazima vipande vyote viondolewe na kipande kimoja kipya kiundwe.

Kazi hiyo ndiyo inayohitaji utulivu kuliko nyingine zote. Amri ya diskpart ya Windows, na zinazofanana nayo kwenye Linux, hutaja diski kwa namba au herufi, na hazijali kama namba hiyo ni ya kadi ya SD au ya diski kuu yenye picha za familia. Anayetumia amri hizo anashauriwa aondoe kwanza diski nyingine zote za nje, atazame ukubwa wa kila diski iliyoorodheshwa, kisha achomoe kadi na kutazama orodha tena ili aone ni ipi iliyotoweka.

Kadi inayodanganya ukubwa wake

Zipo kadi ambazo hakuna fomati itakayoziponya, kwa kuwa ni za uongo. Ndani ya kila kadi ya SD kuna kidhibiti kidogo kinachoijulisha kompyuta ukubwa wa kadi, na kompyuta huamini inachoambiwa. Wauzaji wasio waaminifu huchukua kadi yenye gigabaiti 8 za kweli, hukifundisha kidhibiti kusema 64, na kuipaka jina la kampuni maarufu. Mafaili ya kwanza huandikwa na kusomeka bila tatizo. Yanapovuka mpaka wa nafasi ya kweli, ama hupotea kimya kimya, ama huandikwa juu ya yale ya mwanzo. Majina hubaki kwenye orodha huku ndani yake mna takataka.

Ni ulaghai ule ule unaompata mwenye simu ambaye picha za harusi zinaonekana kwenye orodha lakini hazifunguki. Kwa mpenzi wa kompyuta kongwe ni hatari zaidi, kwa sababu hagundui upesi. Hukusanya mamia ya nakala za diski, hucheza tatu au nne, na baada ya mwaka ndipo anagundua kwamba nyingine zote ni hewa.

Dawa ipo na haina gharama. H2testw, programu iliyotolewa na jarida la kompyuta la Ujerumani c't, hujaza kadi nzima kwa data inayojulikana, kisha huisoma tena na kulinganisha. Kwenye Linux na kompyuta za Apple kuna F3, yenye sehemu mbili: f3write ya kuandika na f3read ya kusoma. Kadi kubwa huchukua saa kadhaa kukaguliwa. Subira hiyo ni afadhali kuliko kuijua kweli baada ya diski za asili kutupwa.

Faili sahihi, jina sahihi

Orodha ikitokea na faili likakataa kupanda, kadi inaanza kuondolewa lawama na macho yanahamia kwenye faili. Nakala ya diski ya Commodore huwa na kiambishi D64, na ukubwa wake ni baiti 174,848 kamili, au 175,531 ikiwa imebeba pia taarifa za makosa ya diski ya awali. Faili lenye ukubwa wa ajabu mara nyingi limekatika njiani, au bado limo ndani ya kifurushi cha ZIP ambacho kompyuta ya kisasa hukifungua bila kusema lakini Commodore haiwezi. Mafaili ya TAP ni mapigo ya kaseti na ya CRT ni nakala za katriji. Kuyaweka kwenye SD2IEC na kuyaita kwa LOAD ni kazi bure.

Majina nayo yana mambo yake. Commodore huruhusu jina la herufi 16 tu, na jina refu linalopendeza kwenye Windows hufupishwa likatokea na alama ya wimbi na namba mwishoni, kiasi kwamba anayeliandika kama alivyolizoea huambiwa halipo. Herufi kubwa huweza kutokea kwenye skrini kama michoro, kwa kuwa jedwali la herufi la Commodore limepangwa tofauti na la kompyuta za leo. Majina mafupi, ya herufi ndogo, bila nafasi katikati, humaliza kelele hizo.

Wenye kompyuta za Apple hukutana na wageni wasioalikwa. Kompyuta hizo hupenda kuacha mafaili ya siri kwenye kila kadi zinayoigusa, yenye majina yanayoanza na nukta na kistari cha chini. Amri ya LOAD"*",8,1, iliyozoeleka kwa kuwa hupakia faili la kwanza bila kutaja jina, huweza kuangukia mojawapo ya hayo. Na hilo "la kwanza" lenyewe halifuati alfabeti. Hufuata namna mafaili yalivyoingia kwenye daftari la kadi.

Ile 1 ya mwisho pia ina uzito. Bila hiyo, faili hupelekwa mahali pa kawaida pa programu za BASIC, ambapo ni anwani 2049. Pakiwa na hiyo, faili hupelekwa pale lilipoandikiwa. Programu ya lugha ya mashine iliyokusudiwa anwani 49152, ikipakiwa bila 1, itaingia bila malalamiko yoyote, kisha SYS 49152 itaigandisha kompyuta. Kadi italaumiwa, nayo haina hatia.

Kosa lisilo la kadi

Lipo kosa jingine ambalo hakuna usafi wa kadi utakaolitibu. Mashine ya 1541 ilikuwa kompyuta kamili, yenye kichakataji chake cha familia ya 6502 na kilobaiti 2 za kumbukumbu. Waandishi wa michezo walilijua hilo. Ili kukwepa mwendo wa kobe wa waya, au kuzuia wizi wa nakala, walituma vipande vya programu vikaendeshwe ndani ya mashine ya diski yenyewe. SD2IEC hujengwa juu ya kichakataji cha aina tofauti kabisa. Hutambua baadhi ya mbinu mashuhuri za kuharakisha na kuziigiza, ila programu asiyoijua hawezi kuiendesha. Mchezo huonyesha picha ya kwanza, skrini ikabaki hapo. Kwa michezo ya namna hiyo tiba ni kifaa kinachoiga 1541 nzima, kama vile 1541 Ultimate au Pi1541, au toleo la mchezo lililorekebishwa.

Umeme ndio unaostahili hofu. Kadi ya SD hutumia volti 3.3, na SD2IEC hupata volti 5 kutoka kwenye Commodore, mara nyingi kupitia tundu la kaseti, kisha huzipunguza. Kisanduku cha umeme cha asili cha Commodore 64, kile kizito kilichojazwa gundi ngumu ndani, kina sifa mbaya: kinapozeeka, volti 5 hupanda bila dalili na kuunguza chipu za kumbukumbu. Kadi inayosomeka asubuhi na kukataa jioni, mashine ikiwa imepata moto, huenda inatoa onyo la umeme usiotulia. Kipimo kwa mita kinapaswa kuwa kati ya volti 4.75 na 5.25. Kikizidi hapo, kompyuta izimwe na isiwashwe tena na kisanduku hicho. Vilevile, kuchomeka au kuchomoa nyaya mashine ikiwa inawaka ni njia ya haraka ya kuua chipu za mawasiliano, ambazo siku hizi hazipatikani kirahisi.

Mguso mchafu ni jambo dogo na hutatuliwa upesi. Kadi ndogo ya simu iliyowekwa ndani ya adapta ya SD ina sehemu mbili za kugusana badala ya moja, na adapta za bei ya chini hulegea. Kujaribu kadi kubwa isiyo na adapta huondoa shaka kwa dakika moja. Miguso inaweza kusafishwa kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, umeme ukiwa umezimwa, na kuachwa ikauke.

Wakati wa kuandika

Kusoma ni rahisi kuliko kuandika. Commodore 64 haina utaratibu wa kuzimwa. Ni swichi tu. Ikizimwa wakati taa ya kifaa bado inawaka, daftari la kadi linaweza kubaki nusu, na hapo si faili moja linaloathirika bali pengine folda nzima. Ndani ya nakala ya D64, faili lisilofungwa hutokea kwenye orodha likiwa na nyota kando ya aina yake, na halipaswi kuaminiwa. Baada ya SAVE, amri ya VERIFY ikifuatiwa na jina lile lile hulinganisha kilicho kwenye kadi na kilicho kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na huchukua muda mfupi tu.

Wenye diski za zamani ambazo hazijanakiliwa hawana sababu ya kusubiri hadi kadi zao zitengemae. Kiunganishi kiitwacho ZoomFloppy huunganisha 1541 ya asili na kompyuta ya kisasa kupitia tundu la USB, na programu ya OpenCBM huhamisha diski nzima kuwa faili la D64. Diski yenye ukungu isafishwe kwanza, kwa kuwa huchafua kichwa cha kusomea na kuiambukiza inayofuata. Nakala zikishapatikana, zihifadhiwe kwenye diski mbili tofauti kabla hazijawekwa kwenye kadi ya SD, na kadi ibaki kuwa ya kutumia tu.